Kengele ya Mwisho wa Mstari

Saa tisa na nusu alasiri Dundee imekwisha zima jua lake,
na mama anaomba kibodi yenye taa chini ya herufi.

Nimetandaza gazeti juu ya meza ya kulia:
springi sabini na mbili, kibano, brashi, kikopo cha grisi,
na swichi za aina tatu ndani ya vikombe vya chai.

Nyekundu, namwambia, hushuka moja kwa moja
kama kijiko ndani ya uji.
Anabonyeza. "Hii haina msimamo."
Kahawia ina kinundu katikati ya safari,
kidole hujikwaa kidogo, kikajua kimefika.
"Inasitasita kama karani mgeni."
Buluu, na kabla sijaitaja sifa yake,
ta! ameshaipiga, ta! tena, na uso wake
umerudi Korogwe, ofisi ya mkonge,
miaka ishirini na sita mbele ya mashine ya chuma
iliyotetemesha glasi za mhasibu.

Lakini buluu hii tumbo lake jeusi,
mwanga husongwa humo, herufi hutoka na ukungu.
Nyekundu ganda lake kama barafu:
nuru inapita yote, sauti haipiti.
Na nyuma ya ukuta wa jasi amelala Hemedi,
miezi minane, usingizi mwepesi kama karatasi ya sigara.
Mtoto wa jicho na mtoto wa kitandani
wote wanataka nyekundu.
Vidole peke yake vinataka buluu.

Nikazipaka grisi, nikazipachika, nikawasha.
Balbu imekaa upande wa juu wa kila swichi,
basi herufi huwaka vichwa, miguu gizani.
"M hii imejitanda," akasema, "ila haina viatu."
Kisha, taratibu: "Nipe buluu moja tu.
Ya kushukia mstari. Mashine yangu ilikuwa na kengele."

Sasa usiku namsikia bila kumsikia,
mchele unapepetwa nyumba ya tatu,
halafu ta!
Mstari mmoja kwa halmashauri, kuhusu lifti
iliyokufa tangu Oktoba, nasi tuko ghorofa ya kumi na moja.
Ta! Magoti yake.
Ta! Kigari cha Hemedi.
Ta! Mzee Farquhar na mtungi wake wa oksijeni.

Jana nilihesabu kumi na tisa.
Ya ishirini haikuja.
Nikanyanyuka pekupeku, nikasukuma mlango.
Amekaa gizani, kidevu kimeiva samawati,
kidole kimoja hewani.
"Mama?"
"Nyamaza. Natafuta Kiingereza cha 'msituzungushe'."

Sikuwa nacho.
Nikavuta kiti. Tukalitafuta wote wawili,
mvua ya theluji ikikwaruza dirisha,
mpaka akaguna,
akaliandika vilevile kwa Kiswahili,

ta!