Ukuta wa Fosca

Udongo uwahi ungali maji, husema wahenga.
Fosca Bizzotto hakuuwahi.
Miaka ishirini na saba pale Nove, kando ya mto Brenta,
alibandika majogoo juu ya vifuniko vya mabakuli ya supu:
kishungi chekundu, macho mawili,
mwingine.
Mia na arobaini kwa siku. Ijumaa mia na ishirini,
maana Ijumaa mzee Tescari alilipa mapema
na macho yalikuwa mlangoni.

Kiwanda kikafungwa Novemba.
Wenzake walipewa saa za mkononi. Yeye aliomba udongo,
magunia tisa yaliyosahaulika stoo,
yamekauka nusu, magumu kama jibini kuukuu.
Nilimsaidia kupakia. Mimi nilikuwa mfunga masanduku,
sikumuuliza ya nini.

Mwanzo alifinyanga vitu vya aibu,
ndivyo alivyoviita mwenyewe: vichwa vya mashangazi,
farasi mmoja aliyefanana na kochi.
Padre wa Marostica alimnunua farasi.
Kwa huruma, nadhani.

Kisha usiku mmoja wa barafu tanuri likazimika lenyewe,
na asubuhi tulipofungua mlango
vigae vyote vilikuwa na nyufa.
Nilishika ufagio.
Uache, akasema.
Akakaa juu ya ndoo hadi kahawa ikapoa,
akapitisha ukucha ndani ya ufa mmoja
taratibu, kama anayetafuta mwiba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
watu huitamka kama adhabu.
Hakuziba.
Akajenga.
Vigae elfu mbili na ushei, kila kimoja na ufa wake,
mita nne kwenda juu,
weupe uleule wa mabakuli ya supu.

Milano wakaja na kamera. Mhakiki mwenye miwani ya kijani
akaandika kuhusu "jeraha la bara".
Fosca akaniuliza, bara gani?

Baada ya Milano, Ghent. Baada ya Ghent, Osaka,
na mji fulani wa Norway nisioweza kuutamka
ambako kigae kimoja kilifika unga.
Nilimpigia simu, nikajieleza, nikalia,
mimi, si yeye.
Kimoja tu? akasema.
Basi safari ijayo ongeza nyasi.

Sasa ana miaka sabini na minne,
vidole vimepinda kama tangawizi.
Vijana wawili humbebea; yeye huketi na kuelekeza:
hapa. Si hapo. Nimesema hapa.

Jana nilimkuta jikoni, karibu na sinki,
ana bonge la udongo lisilozidi yai.
Kishungi. Macho mawili.
Akaona kwamba nimeona.
Huyu hafuniki kitu, akasema,
akamsimamisha dirishani, kifua kikielekea mtoni,
angali maji.