Hesabu

Tulikifunga kwa kipande cha gomesi kuukuu,
ile ya zambarau,
tukakilaza kwenye mkoba chini ya mashati ya Baba,
na afisa wa Entebe alipouliza, "Hiki nini?"
Baba alijibu bila kusita: "Biblia ya babu yangu."
Afisa akakishika kwa mikono miwili, akatupisha.

Miaka themanini nyumbani kwetu Tororo
kilikaa juu ya kabati,
vumbi la saruji likikifikia wiki nzima,
Jumamosi kikipanguswa.
Hakuna aliyejua kukisoma.
Herufi zake zilijiviringa kama uzi uliofumuka.
Lakini tulipougua surua tuliwekewa kifuani,
na kwa kitabu hicho Shangazi Nyadoi aliapa
kwamba yule mbuzi hakumuuza yeye.

Mwenyewe, Devanesan Arulappan, karani wa mizigo,
alikuja na reli, Mlutheri wa Tharangambadi,
akaoa kwa wafinyanzi wa hapa,
akamzaa Nyanya, akazikwa Jiwe la Tororo likimtazama.
Kinywani mwa majirani jina lilipungua:
Arulapa, Arapa,
mpaka likabaki sisi.

Nyanya magoti yalimkatalia ndege.
"Nendeni," alisema, "mkasomewe. Mniletee mstari mmoja."

Kanisa lilikuwa jeupe, sakafu yake baridi
hata viatu vilivuliwa kwa furaha.
Mchungaji Gnanaraj, miwani imefungwa kwa kamba,
alikinusa kitabu kwanza, kama mtu anayenunua samaki.
Akafungua. Akasoma kimya. Akacheka,
akaona nyuso zetu, akaacha.

"Mchele, vibaba vinne, kwa Muthammal. Sijalipa.
Nyuzi, rupia moja na nusu, kwa Sornam mjane. Sijalipa.
Mchango wa kengele, rupia mbili,
niliahidi mbele ya watu wote. Sijalipa."

Kurasa arubaini.
Kaka yangu alianza kukoroma kwa kicheko,
Mama akamkanyaga mguu.
Baba alikaa kwenye benchi la wanakwaya
akihesabu, nadhani, viapo vyetu vyote.
Kisha akatoa pochi:
rupia mbili za wakati ule ni ngapi sasa?
Mchungaji alipiga hesabu nyuma ya bahasha,
akakosea, akarudia, akachoka.
"Toa mkono wako unapofika," akasema,
akamwandikia risiti. Ya kengele.
Muthammal na Sornam hatukuwapata.
Tuliuliza nyumba kwa nyumba,
tukanyweshwa chai katika kila moja.

Basi lilipita Iganga, likapita Bugiri,
Baba akitunga sentensi, akizifuta,
midomo yake ikicheza kama ya mtoto wa shule.

Nyanya alikuwa akimenya karanga.
"Walikusomeeni?"
"Walitusomea, Mama."
"Ni kitabu gani?"
Baba akameza mate.
"Ni... hesabu."
Nyanya akatikisa kichwa, ameridhika.
"Hesabu. Baada ya Walawi. Nilijua."

Angeweza kunyamaza hapo.
Sisi sote tulimwomba kwa macho anyamaze.
Lakini Baba ni mwana wa mama yake:
akamwambia yote, mchele, kengele, usiku wa kuondoka.
Ganda likavunjika, na jingine, na jingine.

"Nyuzi," akasema Nyanya mwishowe. "Za rangi gani?"
"Haikuandikwa."
"Za buluu. Sanduku lake lilikuwa na vifundo vya buluu.
Alinishonea gauni la ubatizo usiku, kwa kandili,
mshono umepinda kama njia ya mchwa."
Akapuliza maganda kwenye ungo.
"Basi huyo Sornam ananidai mimi."

Kitabu kimerudi kabatini, risiti ikiwa ndani.
Ni zamu yangu kukipangusa.

Na Jumamosi iliyofuata, asubuhi, kabla ya chai,
Shangazi Nyadoi aliingia uani
akimvuta mbuzi jike, mweupe, mwenye mimba.
Hakusema neno.
Nyanya hakuuliza.
Mimi nilitafuta kamba.