Kasuku Chini ya Kranki

Injini ilishuka Jumanne, saa nne asubuhi,
ikining'inia kwenye mabomba ya jukwaa
tuliyoazima kwa mlinzi wa hoteli iliyofungwa.
"Piano, piano," akasema fundi Nyiro,
Kiitaliano cha Malindi, kisichohitaji pasi,
na Lali akalegeza mnyororo, pingili kwa pingili,
mpaka Pijo la marehemu baba
likabaki na shimo kifuani.

Mimi nilishika daftari.
Ringi, elfu nne na mia mbili.
Gasketi ya hedi, elfu mbili mia nane.
"Hiyo hata ukilia," alisema muuza spea wa Maweni,
"machozi hayazibi kompresheni."
Kranki ilipanda basi la alfajiri kwenda Mombasa kuchongwa,
imefungwa kwa kanga yangu
kama mgonjwa wa rufaa.
Friji nimeuza. Kuku wawili wamebaki,
nao wananikwepa macho.

Valvu tulizisaga wenyewe:
kijiti, kipira cha kunyonya, uji wa mchanga,
viganja vikienda na kurudi
kama vya mtu anayepekecha moto.
Kisha mafuta ya taa tunduni, na subira.
Yakivuja hadi asubuhi, anza upya.
Ya tatu ilivuja mara mbili.
Nilijua kabla ya kutazama; nilinusa.

Nimeruka ukurasa. Nirudi nyuma,
siku Nyiro alipofungua kofia ya beringi ya katikati
akanyamaza.
Mafundi hawanyamazi bure.
Akachomoa kwa ncha ya bisibisi
kipande cha bati, chembamba kama ukucha,
kimekatwa kwa mkasi, kimekunjwa kufuata duara.
Akakipangusa kwa petroli.
Unyoya wa kijani. Jicho moja.
Kopo la Kasuku.

"Mshenzi gani huyu," akafoka, "anakaanga injini?"
Nikasema: baba.

Mwaka nilioingia kidato cha tatu
baba alitutangazia, wali ukiwa bado wa moto,
kwamba amefunga beringi mpya, za Ufaransa,
akatuonyesha boksi.
Boksi tu. Hatukuomba kuona ndani.
Mama akampongeza. Wiki iyo hiyo
nikarudi shule, karo imekamilika,
nami sikuunganisha nati na bolti yake.

Miaka kumi na tisa
gari lilibeba nazi kutoka Ganda, makaa ya Langobaya,
maiti mara mbili, bibi harusi mara moja,
likigonga kidogo kila lilipozidiwa mzigo,
na baba akiongeza sauti ya redio.
Na kasuku, ndege wa kurudia kila asikiacho,
alilala chini ya kranki, katika oili nyeusi,
hakurudia neno.

Nyiro alitaka kulitupa bati lile.
Nikamwambia, lipime kwanza.
Akalipima, pande zote, kisha tena.
"Alikata vizuri," akasema, shingo upande.
Liko pochini mwangu, na kitambulisho.

Beringi mpya nimenunua kwa mkopo wa chama.
Nilizihesabu kaunta, moja moja, mbele ya muuzaji,
na boksi lenyewe nikamwachia.

Jumamosi Lali alitoa hewa kwenye nozo:
povu, povu, kisha dizeli safi.
Betri ilikuwa ya lori la jirani, la kurudishwa kabla ya adhuhuri.
Likakohoa. Likakohoa tena.
Likatoa moshi mweupe ukafunika kamba nzima ya nguo za Mbeyu,
naye akatoka kututukana,
na katikati ya matusi yake likashika.

Nozo ya pili bado inagonga.
Nyiro anadai elfu moja mia nane na hamsini.
Nimemwambia, Ijumaa.
Akaniangalia kwa muda,
kama mtu aliyeonyeshwa boksi.