Chupa Hamsini

Kizuri chajiuza, walinambia.
Basi nikakata ndimu, nikazitia chumvi,
nikazianika juu ya dari, Mabela, mwezi wa sita,
jua likinifanyia kazi bila mshahara.
Nikapika na haradali, uwatu, pilipili ya kuchoma koo.
Nikapanga chupa hamsini sebuleni
nikangoja zijiuze.

Zilikaa zikinitazama
kama wageni wa harusi iliyovunjika.

Dada zangu walichukua kumi na moja.
"Andika," walisema. Nikaandika.
Daftari likanona, mkoba ukakonda.

Nikatuma picha kwenye kundi la ukoo,
watu mia mbili na kumi ndani ya simu moja:
wakanirudishia mioyo, maua, mashallah thelathini.
Nikaijumlisha mioyo yote.
Haikununua hata kifuniko.

Shaji wa duka la pembeni, Mmalabari
aliyejifunza Kiswahili kwa kutuuzia nazi,
alinisikiliza huku anapima dengu.
"Bi Rayya, usiweke kule nyuma na siki.
Weka hapa, karibu na mimi.
Mtu akingoja chenji, macho yake hayana kazi."
Akafungua chupa moja, akaimimina sahanini,
akakata chapati vipande, akachomeka vijiti vya meno.
"Ulimi hausomi karatasi," alisema.
Siku ile zilitoka sita. Taslimu.

Usiku nikakaa na kalamu,
nikahesabu chupa, gesi, petroli,
na mikono yangu, ambayo sijawahi kuilipa.
Kumbe kila nilipouza nilikuwa natoa sadaka.
Rial moja ikawa rial moja na nusu.
Wawili walinuna. Mmoja akarudi.

Nikafungua daftari jingine, si la madeni, la watu.
*Bi Ghaniya: hali thomu. Mwanawe anaanza chuo Nizwa.*
*Mke wa mwalimu: chupa ndogo, anaishi peke yake sasa.*
*Shinuna wa Hail: mbili kila mwezi, za mumewe.*

Shinuna akanyamaza.
Mwezi, miezi miwili, mitatu.
Mteja anayeondoka hagombi,
ndiyo maana ni rahisi kujidanganya kuwa amesafiri.

Nilimpigia nikiwa garini, kiyoyozi kikiunguruma,
nambari yake nimeibonyeza na kuifuta mara nne.
"Sikuuzii kitu leo. Nataka kujua tu
nilikukosea wapi."

Kimya.
Kisha: "Kifuniko, Rayya.
Kilivuja garini, mafuta yakaingia
kwenye kanzu ya Humaid, nyeupe, asubuhi ya Idi.
Niliona haya kukwambia."

Usiku ule nikazigeuza zote kichwa chini,
chupa ishirini juu ya gazeti.
Asubuhi gazeti lilikuwa na madoa saba.
Saba! Na kila mmoja wao
alikuwa ameniambia achari yako tamu, mashallah.

Nikaenda Ruwi kutafuta vifuniko vyenye mpira ndani,
baisa thelathini zaidi kwa kila kimoja.
Nikaenda Hail na chupa mbili na pesa ya dobi.
Pesa alikataa. Chupa alizigeuza mbele yangu,
akatikisa, akatikisa tena,
tukaanza kucheka.

Humaid akapeleka moja kazini.
Baada ya siku tatu simu ikalia, nambari siijui:
"Wewe ndiye mwenye achari isiyovuja?"
Nikasema ndiye.
Akataka kumi.

Nimechapisha karatasi mpya za chupa.
Chini ya jina langu, kwa herufi nyekundu: *Haivuji.*
Dada yangu mkubwa amecheka hadi kukaa chini:
nani huuza kitu kwa kutaja aibu yake?
Sijui. Mimi nauza.
Kila usiku sebule yangu imejaa chupa
zilizolala kichwa chini juu ya habari za jana,
na alfajiri, kabla ya kuwasha jiko,
nainama kutafuta doa.

Zile kumi na moja, dada zangu
bado hawajalipa.