Nyuma ya Mlango wa Ummel

Tunauza nyumba. Dada yangu yuko juu anahesabu sahani,
mimi niko chini, kando ya tanuri la gesi,
na sanduku la viatu vya theluji
lililoandikwa kwa wino mzito: USITUPE.
Thunder Bay, Februari. Kidirisha kimezibwa nusu na theluji
vilevile kama zile Jumanne,
miaka kumi na tisa ya Jumanne.

Nawatoa mmoja mmoja.

Huyu ni Pim, mwizi, kimo chake mguu wa meza,
ambaye hakuwahi kuiba dhahabu, vijiko tu.
Ndani ya hazina ya joka, wenzake wakijaza magunia,
yeye aliuliza: "Kwani huyu supu hunywea nini?"
Aliyemchezesha ni Gaston Pelletier, dereva wa lori la magogo,
mabega kama kabati, kiti kikimlalamikia.
Dadu kiganjani mwake ilikuwa punje ya mahindi,
na sauti aliyompa Pim nyembamba kama uzi,
hata mama akashuka ngazi siku moja
kuuliza mtoto wa nani yuko macho saa hizi.

Huyu Drovanka, mashoka mawili, matusi kumi na mawili,
kila tusi na jina lake.
Alikuwa wa Lorraine Sawchuk, karani wa ushuru,
ambaye ofisini hakuwahi kumaliza sentensi.
Drovanka hakuna aliyemkatiza.
Alikufa mara mbili. Ile ya pili tulinyamaza wote;
Lorraine akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akasema: haya, nani ana biskuti.

Karatasi zimechakaa. Pale palipoandikwa uhai
raba imesugua, ikasugua, hadi pakatoboka.
Ukiziinua kwenye taa
mwanga unapita pale walipoumia.

Wengine siwakumbuki sawasawa. Kuna mpiga zeze
aliyedumu usiku mmoja, shemeji wa nani sijui.
Kuna farasi. Farasi ana karatasi yake, kamili,
na chini kabisa, mwandiko wa Gaston: *anaogopa bata.*

Na huyu.

Ummel, mtawa wa mungu wa bawaba.
Mungu huyo tulimcheka mwaka mzima.
Reino Hakala, mchomeleaji vyuma kwenye maghala ya nafaka,
hakucheka. Alisema kila kinachofunguka
kina kichuma mahali fulani kinachokibeba
na hakuna anayekiambia ahsante.
Ummel alitembea na kichupa cha mafuta.
Kabla ya vita, kabla ya sala, alipaka milango.
Ya maadui pia.

Jumanne ya mwisho waliufikia mlango mweusi chini ya ngome.
Reino akasema: napaka mafuta. Kisha natega sikio. Nasikia nini?
Ilikuwa saa tano na nusu, barabara zinaganda.
Nikamwambia, utajua wiki ijayo.
Akavaa kofia yake ya manyoya, akaniita katili, akacheka.

Ijumaa moyo wake ulisimama, vidatoni, koleo la theluji mkononi.

Hatukucheza tena. Hakuna aliyesema tusicheze.
Kanisani Gaston alipenyeza kijiko jenezani;
nilimwona, nikatazama pembeni.

Sasa niseme nisilowahi kuwaambia.
Nyuma ya mlango ule hapakuwa na kitu.
Wiki ile nilikuwa na zamu mbili kazini, sikuandaa chochote.
"Wiki ijayo" ilikuwa kauli ya mtu aliyeishiwa.

Lakini mwaka wa saba huu, usingizi ukinipaa,
naenda upande wa pili naongeza kitu.
Kwanza kiti, maana amesimama sana.
Kisha moto. Kisha meza yenye duara za vikombe.
Juzi nimetundika vijiko ukutani, vyote mia na kumi.
Drovanka yumo, anazitukana kuni mbichi.
Farasi yumo. Bata hawamo.

Dada anaita kutoka juu: hilo sanduku, liende au libaki?

Ngoja, namwambia. Nimetega sikio.
Bawaba hazilii kabisa.