Mshika Tatu

Huku Svaneti theluji ikishachukua barabara
hairudishi mpaka Aprili.
Kliniki yetu ina vitanda sita, jiko la kuni,
na mimi, fundi, ninayelipwa nusu kwa lari
nusu kwa jibini.

Mtandao ulikuwa mmoja: waya wa shaba
uliotundikwa baba yangu akiwa kijana.
Ng'ombe akijikuna kwenye nguzo, Kutaisi inatoweka.
Nikaongeza laini ya simu. Nikaongeza sahani ya setilaiti
juu ya mnara wa mawe ambamo babu zetu
walijificha kisasi kilipobisha hodi.

Njia tatu. Lakini siri za wagonjwa haziendi uchi,
zina handaki lake la kupitia,
na handaki zima, machoni pa ruta, ni msafiri mmoja:
likapakiwa lote kwenye shaba,
zile mbili zikakaa zikiota jua.
Wiki nzima niliitukana ruta kwa Kisvani.
Haikujifunza hata neno.

Kumbe haikuwa na kosa. Haigawi isichokiona.
Nikachimba mahandaki matatu, kila laini na lake,
nikapima mzigo kwa kadiri ya mabega:
sita simu, tatu sahani,
moja shaba, mzee asichoke.

Jumatano wakamleta Bimurza. Msonobari umemwangukia.
Daktari Tsiuri akapiga picha za kifua, akabonyeza *tuma*,
zikakatwa vipande, vikatawanyika:
kimoja bondeni, kimoja mbinguni,
vya nyuma vikitangulia, vya mbele vikichelewa,
huko Kutaisi vikisubiriana mlangoni
mpaka vikae kwa zamu.

Katikati ya safari barafu ikauangusha mlingoti wa simu.
Sita zikazimika.
Tsiuri alinitazama kama mimi ndiye barafu.
Namba kwenye skrini ikaporomoka, ikaporomoka,
ikasita kwenye moja na kitu,
ikaanza kutambaa.

Dakika kumi na tisa.
Kisha sauti ya Nanuli, ikikwaruza:
"Mbavu mbili. Pafu ni zima. Mfungeni, na asicheke."
Bimurza akacheka. Akajuta.

Mshika mbili, wamesema, moja humponyoka.
Sibishi. Nilishika tatu
nikiwa nimeshaihesabu ile itakayoponyoka.

Asubuhi nilimkuta ng'ombe wa Tsiuri
ameegemea nguzo ya shaba, anajikuna.
Nikatoa chumvi mfukoni, nikamwita taratibu,
nikamkuna mwenyewe.