Shika, Usiachie

Shii.
Kimya. Kisha tena: shii.
Kila gurudumu likimaliza mzunguko mmoja
linakumbuka jambo.

Baiskeli imepinduliwa, miguu juu,
uani kwetu, Amerat,
saa kumi na mbili za asubuhi ya Agosti,
na zege bado lina joto la jana.
Mwanangu Muhannad kaegemea geti. Hasemi.
Tangu alipoacha chuo, mwezi wa nne,
tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Namwambia bila kumtazama:
mlio usiokoma ni kalipa iliyokaa upande,
mlio unaokuja ukaenda
ni diski yenyewe imepinda.
Hii yako ina maradhi yote mawili.
Anajibu kwa Kiarabu: taib.
Kiswahili changu anakielewa chote,
hukitumia kwa bibi yake tu, na kwa matusi.

Nalegeza bolti mbili, nusu mzunguko.
Kalipa inacheza kama jino la mtoto.
Hapa kazi inataka mikono mitatu:
miwili ya kukaza,
mmoja wa kubana breki huko chini.
Nami ninao miwili, na wa kulia una baridi yabisi.
"Shika," nasema. "Bana. Usiachie."
Anachuchumaa. Anashika.

Robo huku, robo kule,
bolti hii, kisha ile,
kama mtu anayegawa urithi
mbele ya ndugu wasioaminiana.

Achia.
Nazungusha. Mlio umekonda,
umebaki uzi.
Naweka karatasi nyeupe nyuma yake, nafumba jicho moja:
kati ya pedi na chuma
pana mwanga mwembamba kama ukucha,
isipokuwa mahali pamoja.

"Niletee ile spana."
"Ipi?"
Zuwena yuko dirishani, anachuja chai.
"Ile... inayokubali kila nati."
Anajua jina lake. Nami najua kwamba anajua.
"Spana malaya!" anasema, kwa sauti,
kwa lafudhi ya Ng'ambo ambako hajawahi kukanyaga,
na mama yake anadondosha kichujio.

Nimecheka hadi nikakaa chini.
Yeye kageuza uso, lakini mabega yanamtikisika.

Naibana diski, naivuta kidogo, kidogo kuliko nia.
Nataka kuipapasa nione.
"Si kwa kidole!" Kidole changu kina samli ya mkate.
Anachukua kipamba cha spiriti,
vile vya sindano zangu za sukari,
anaipangusa mwenyewe, pande zote mbili.

Nazungusha.
"Bado ipo," nasema, "pale, sikiliza,"
na mkono umeshafika kwenye spana.
"Basi, baba. Ukizidi utaipinda kwingine."

Ameondoka, ameteremka kuelekea duka la karaki,
hakukanyaga pedali hata mara moja.
Nimesimama getini nimetega sikio.
Kiyoyozi cha jirani kinanguruma,
sijui kama inalia au imenyamaza.

Ile bolti ya pili, niliikaza?
Niliikaza.